Uzoefu wangu: kamera ya kifuani, pampu ya mkono na pancha tano, Lubumbashi hadi Kipushi

Tulitoka watu tisa kwa kinga tisa, yaani baiskeli, na kabla ya kurudi nyumbani tulikuwa tumepata pancha tano. Zote ninazo kwenye video, isipokuwa dakika chache ambazo ndizo nilizozitaka kuliko zote. Nitafika hapo. Kabla ya kununua vifaa hivi nilitafuta sana maneno ya mtu aliyevitumia huku kwetu, kwenye lami ya malori na vumbi jekundu la Katanga, nikakosa. Sasa nimevitumia miezi saba, jua na mvua, kwa hiyo nasema nilichokiona.

Vifaa ni hivi: kamera ndogo ya michezo pamoja na kamba zake za kifuani, pampu fupi ya mkono yenye mpira wa kuvuta nje, viraka vya aina mbili, yaani vya kujibandika vyenyewe na vya gundi, na chupa moja ya gesi ya kujazia tairi ambayo rafiki aliniletea kutoka nje ya nchi. Kamera si ya jina kubwa.

Kipushi iko kama kilomita 30 kutoka mjini, na njia ni lami. Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi, Jumapili moja mwishoni mwa Septemba, mijakaranda ya mjini ikianza kutoa maua. Wakati ule wa mwaka baridi ya asubuhi imekwisha na mvua haijaja. Kufika saa nne jua linachoma na vumbi linakaa hewani kila lori linapopita. Malori hayakosekani njia ile. Kipushi ni mji wa mpakani na Zambia, na mgodi wake wa zinki, uliosimama tangu 1993, ulianza tena kutoa mali mwaka 2024.

Karibu na kilomita ya kumi na moja dada mmoja wa kundi akapaza sauti: "Pine!" Pine ni tairi, na hilo ndilo neno tulilokubaliana kwa pancha. Ukilisikia hufungi breki ghafla. Wa mbele anapunguza mwendo, wote tunatoka nje ya lami kabisa, na wa mwisho anarudi nyuma hatua kama mia kulaza matawi mabichi pembeni mwa barabara, jinsi madereva wa malori wanavyofanya gari likiwaharibikia. Dereva wa huku akiona matawi anaelewa mara moja.

Tulitoa mpira wa ndani, tukatia mpya, tukajaza upepo. Video inaonyesha dakika nane, na sauti zetu zinasikika tukishangilia. Hatukufika kilomita mbili, gurudumu lile lile likalala tena.

Tulipokuwa tunalivua mara ya pili, alifika mzee mmoja akisukuma kinga yenye magunia matatu ya makala, yaani makaa, akielekea mjini. Aliitegemeza kwa fimbo yake, akatutazama kidogo, kisha akasema: "Batoto, munatia mupya, na kintu kilitoboa kiko bado mu pine?" Yaya wetu, aliye mkubwa kwa kundi, akamjibu kwa heshima kwamba tumetazama na hatukuona kitu. Mzee akasema: "Macho haioni. Tafuteni na kitambaa, njo mutie ingine."

Nikamwomba: "Papa, unaturuhusu tupige video ya kazi yako?" Akafikiri kidogo. "Pigeni mikono na kinga. Sura yangu, hapana." Tukafanya hivyo hivyo.

Akachukua kipande cha fulana ya pamba na kukipitisha polepole ndani ya tairi, pande zote. Mahali pamoja kikanasa. Alipokunja tairi kwa nje ikatokea ncha ya waya mwembamba kama unywele, wenye urefu usiofika kucha. Huo ni waya wa matairi ya malori. Tairi kubwa likipasuka njiani, nyuzi zake za chuma hutawanyika na kubaki kwenye lami miezi mingi. Zinaingia kwenye tairi la kinga bila kelele, zinakaa humo, na kila mpira mpya unaotia zinautoboa. Kwa kidole huzisikii, na ukizisikia zimekuchoma tayari. Pamba ndiyo inayozikamata. Tangu siku ile nimeongeza vitu viwili kwenye mfuko wangu, kitambaa cha pamba na kibanio kidogo cha kung'olea nyusi, na kwangu vina thamani kuliko ile chupa ya gesi.

Sasa zile dakika. Kamera yangu ilizima yenyewe mzee alipoanza tu kupitisha kitambaa. Joto. Nilikuwa nimeiweka kwenye ubora wa juu kabisa, ule wa 4K. Ukiwa unaendesha, upepo unaipoza na huoni shida. Ukisimama juani kutengeneza pancha, upepo haupo, kamba zimeibana kifuani, na baada ya dakika kumi hivi inaandika kwamba ina joto na kujifunga. Yaani inakuacha wakati ule ule unaoihitaji. Iliniuma, kwa sababu somo la mzee yule nilitaka kila kijana wa kinga hapa mjini alione. Simu ya yule dada ndiyo iliyookoa sehemu yake ya mwisho.

Nimepata njia, na tangu hapo haijazima tena: napiga kwa 1080, ubora ulio chini ya 4K, picha 60 kwa sekunde. Video inatosha kabisa kwa kutazamwa kwenye simu, mafaili ni mepesi, na kuyatuma hakumalizi mega zote. Tukisimama naivua kifuani mara moja na kuiweka kivulini, chini ya kinga iliyolazwa, ikiangalia gurudumu linalotengenezwa. Kwa kweli hapo ndipo inapoona vizuri zaidi. Ikiwa kifuani na wewe umeinama, haioni kitu ila magoti yako.

Niliijaribu pia kwenye usukani. Lami nzuri, sawa. Barabara ya udongo yenye mawimbi, picha nzima inatetemeka kama maji yanayochemka, hata ukiwasha ile programu ya kutuliza mtikisiko. Kifuani mwili wako ndio unaomeza mtikisiko. Kasoro ya kifuani ni kwamba ukiinamia usukani kamera inatazama gurudumu la mbele. Ielekeze juu kuliko unavyodhani inafaa, uwashe, kisha uisahau. Hakuna kugusa vitufe katikati ya kundi. Anayepiga video akae mbele au nyuma kabisa, kwa sababu aliye katikati akiyumba kidogo tu anaangusha watatu.

Betri moja ilinipa kama dakika hamsini. Kwa video ya saa mbili na nusu nilimaliza tatu, na zote tatu lazima uzijaze usiku wa kuamkia safari, umeme ukikubali. Vumbi kwenye lenzi usilifute kwa shati. Lina mchanga ndani yake na litakwaruza kioo, lipulize kwanza.

Jioni ile, nilipotazama video yote nyumbani, niliona jambo ambalo njiani hatukuliona hata mmoja wetu. Kuanzia kilomita ya saba hadi ya kumi na tatu tumepanga mstari mmoja kwenye ukingo kabisa wa lami, na chini ya magurudumu yetu kuna utepe mrefu wa kokoto, vioo na vipande vyeusi vya matairi. Magurudumu ya malori yanasukuma takataka zote kandokando, zinalala pale pale, na sisi kwa kuogopa malori tukawa tunaendesha juu yake. Nilirudisha nyuma mara nne. Mara tatu gurudumu la dada linapita juu ya vile vipande vyeusi. Sasa tunashika mstari ulio ndani zaidi, karibu nusu mita kutoka ukingoni, lori likikaribia tunasogea, likipita tunarudi. Anayetangulia ndiye anayeita. Kamera isingekuwepo, tungekuwa bado tunalaumu mipira ya bei rahisi.

Pancha ya tatu ilikuwa ya mpwa wangu, na haikuhusu waya. Mpira ulikuwa na matundu mawili sambamba, kama umeumwa na nyoka. Hiyo ni dalili ya upepo mdogo: umeingia shimoni, tairi likalala hadi chuma cha gurudumu kikaubana mpira. Kijana ana uzito wa kilo 70 hivi na alikuwa anaendesha tairi lililo laini kwa sababu alitaka kuketi vizuri. Kwa tairi pana za milimani kwenye njia ile mimi najaza upepo wa kati ya baa 2.5 na 3 kwenye kipimo cha pampu, na sijapata tena matundu ya namna hiyo.

Kwa haraka tulimwekea viraka viwili vya kujibandika. Hivi ndivyo nisivyovipenda katika vifaa vyote. Kubandika kunachukua nusu dakika, hiyo ni kweli. Lakini saa nne na nusu, lami ikiwa moto, kimoja kikaanza kuinuka pembeni na upepo ukatoka taratibu. Hiyo ndiyo pancha ya nne, na tulijiletea wenyewe. Vina kazi yake, usiku au mvua inaponyesha na unataka kufika nyumbani tu. Usiujaze mpira nje ya tairi baada ya kukibandika, maana ukivimba unakivuta na kinabanduka. Na ukifika, kitoe uweke cha gundi.

Kiraka cha gundi kinataka subira, na watu wengi wanakiharibu hapo. Unakwaruza mpira kwa msasa hadi unakuwa mweusi butu, unapaka gundi nyembamba, pana kuliko kiraka, kisha unangoja. Usibandike ikiwa mbichi. Ngoja kama dakika tano, mpaka ukigusa ukingo wake kidole hakinati, ndipo ubandike na kukandamiza kwa nguvu. Ile gundi si ya kunatisha tu, inaunganisha mpira na mpira. Kwado, yaani fundi wa pancha, wa mtaani kwetu anafanya vivyo hivyo na vipande alivyokata kwenye mipira ya malori, na vinadumu.

Pampu ninaisifu bila kusita, kwa ajili ya ule mpira wake wa kuvuta nje. Ya kwanza niliyokuwa nayo ilibana moja kwa moja kwenye vali, na kila pigo lilitikisa vali hadi ikachanika mzizi. Hii haigusi vali. Ni kazi, nilihesabu mapigo 180 kwa gurudumu moja la nyuma, lakini inafika. Tatizo lilikuwa kinga mbili nyeusi za zamani zilizokuwa nasi: vali zake ni zile za kale zenye kijimpira ndani, na kichwa cha pampu yangu hakikuingia, wala kompresa ya kwado, iliyotengenezwa kwa vali za gari. Kuna kijichuma cha shaba cha kuunganisha, kidogo kama punje ya hindi. Kama kundi lenu lina kinga za namna hiyo, mmoja wenu awe nacho.

Gesi niliijaribu kwenye gurudumu la mpwa wangu. Sekunde chache, tairi gumu, chupa baridi kiasi cha kuunguza vidole. Asubuhi iliyofuata tairi lilikuwa laini bila tundu lolote, kwa sababu gesi ile inapenya mpira upesi kuliko hewa ya kawaida. Na ikiisha, hapa mjini sijaona pa kununua nyingine. Sitaitafuta tena.

Kamera niliizima kabla hatujaingia Kipushi mjini na kuitia mfukoni. Mpaka, mgodi, askari: si mahali pa kuonekana na kamera kifuani, na maelezo ya "tunatembea tu na kinga" hayasaidii ukishasimamishwa. Tulikula michopo (nyama ya kuchoma) na bukari (ugali), tukanywa munkoyo, kinywaji cha mahindi, tukapumzika saa moja.

Pancha ya tano ilikuwa yangu mimi, wakati wa kurudi, mwiba tuliouokota kwenye njia ya udongo tulikotafuta kivuli. Safari hii hatukuwa na haraka. Nililinganisha maandishi ya tairi na vali, jambo ninalolifanya kila nikivalisha gurudumu, ili tundu la mpira linionyeshe mahali pa mwiba kwenye tairi. Nikaupata, nikautoa kwa kibanio, nikapitisha kitambaa mara mbili, nikapaka gundi na kungoja dakika tano nzima, kamera ikitazama kutoka kivulini chini ya kinga ya yaya. Video hiyo ina dakika kumi na tisa na haijakatika.

Kiraka kile kingali kwenye gurudumu la nyuma. Jana nimeminya tairi kabla ya kwenda kazini, gumu vile vile.