Jimu ya elfu sabini kwa mwezi: kwangu inalipa, ila ada ya mwaka sirudii

Nimelipia jimu mbili hapa Dar es Salaam. Ya kwanza ilinitia hasara, ya pili naendelea nayo mpaka leo, na kilichozitofautisha si mashine.

Ile ya kwanza ni kubwa, ina kiyoyozi na bwawa la kuogelea. Walikuwa na ofa ya mwaka mzima, shilingi 720,000, nikalipa kwa mkupuo kwa sababu kwa mwezi inaangukia 60,000. Sikujiuliza nitafikaje. Kazini natoka saa kumi na moja jioni Posta, nyumbani ni Sinza, jimu iko Masaki. Kwa foleni ile nafika giza limeingia, nimechoka, na benchi zote zina watu. Mwezi wa kwanza nilikwenda mara 13, wa nne mara 2. Mwaka ulipoisha nikahesabu kwenye daftari: mara 41. Yaani kila nilipoingia nililipa kama 17,500, wakati anayelipa kwa siku pale mlangoni anatoa 10,000! Katikati niliugua mwezi mzima, nikaomba wanisogezee muda, wakanionyesha kwenye mkataba kwamba haiwezekani. Ni kweli nilisaini, lakini kumtoza mgonjwa bado naona si haki.

Nikahamia kukimbia bure. Jumamosi asubuhi Coco Beach ni raha tupu. Siku za kazi ndipo ilipokwama: mwanamke peke yake barabarani alfajiri, giza, mbwa, na bodaboda wanaopunguza mwendo ili wakusemeshe. Halafu mgongo uliendelea kuuma. Mtaalamu wa fiziotherapia akaniambia misuli ya mgongo na mapaja imelegea kwa kukaa ofisini kutwa. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na juu yake siku 2 au zaidi za kuimarisha misuli. Mimi nilikuwa nimeshika la kwanza tu.

Jimu ninayolipia sasa iko mtaani kwetu, juu ya maduka, inapozwa kwa feni. Kwa mwezi ni 70,000, kwa siku 5,000, kwa hiyo ukifika mara 14 hela yako imerudi. Naenda mara nne kwa wiki, saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kazi. Kilichonibakiza ni kocha. Wiki ya kwanza hakunipa uzito wowote, alinipa fimbo tupu begani, akawa ananirekebisha mgongo kila ninapochuchumaa, na kwa hilo haongezi hata shilingi. Umeme ukikatika mashine za kukimbilia zinasimama, vyuma vinaendelea. Bafu la wanawake ni moja na maji hayana uhakika; nimelalamika mara mbili, bado.

Anayetaka kujiunga popote alipie kwanza siku tatu nne, tena aende saa ileile atakayokuwa anakwenda kila siku. Asome na kipengele cha kusimamisha uanachama.

Sasa ni mwezi wa nane tangu nianze kwenye jimu hii. Maji yakikatika kwetu, napandisha ndoo ya lita 20 hadi ghorofa ya tatu bila kuitua njiani, na asubuhi yake naamka bila maumivu.