Wunmi Mosaku hapigi mayowe

Kama hujamwona mwigizaji Wunmi Mosaku bado, anza na filamu ya kutisha His House ya mwaka 2020. Ni saa moja na nusu tu, ipo Netflix. Itazame usiku na uimalize kwa mkao mmoja.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Eldoret, na filamu huwa nazitazama nikiwa kwenye cherehani. Simu naisimamisha kando ya kikopo cha pini, jicho moja kwa kioo, jingine kwa pindo. Filamu nyingi za kutisha hazina neno na hilo, maana mayowe yenyewe yanakwambia ni lini uinue kichwa. Huyu dada kazi yake kubwa anaifanya akiwa kimya, kwa macho na mabega, kwa hiyo ukiinamia sindano yamekupita. Usiku wa His House gauni la mteja lililala bila pindo.

Tuanze na anakotoka. Alizaliwa Zaria, Nigeria, mwaka 1986, akalelewa Manchester, akasomea uigizaji pale RADA, chuo cha uigizaji cha London. Waingereza walimpa tuzo ya BAFTA ya televisheni mwaka 2017 kwa kuigiza kama mama yake Damilola Taylor, yule mtoto wa Kinigeria aliyeuawa London mwaka 2000. Yaani alikuja kwenye mizuka na safari za wakati akiwa ameshazoea kubeba msiba halisi, na hilo linaonekana.

Katika His House yeye ni Rial, na mumewe Bol ni Sope Dirisu. Wamekimbia vita Sudan Kusini, wakavuka bahari kwa mashua, na msichana waliyekuwa naye akapotelea majini. Uingereza inawapa nyumba chakavu yenye kuta zinazobanduka, pamoja na masharti: wasifanye kazi, wasihame, wawe wanaripoti kila wiki. Halafu ndani ya kuta kunaanza kusikika vishindo.

Bol anafanya kama wanaume wengi wa filamu za aina hii. Anachukua nyundo na kubomoa ukuta. Rial anakaa chini na kusikiliza. Anajua ni nani aliyeingia, anajua amekuja kudai nini, na anamsimulia mumewe gizani kisa cha mtu wa kijijini kwao aliyetamani nyumba hadi akaanza kuiba, akamwibia mchawi bila kujua, na mchawi akahamia naye kwenye ile nyumba mpya. Sauti yake hapo haipandi hata kidogo. Nywele zilinisimama, na kwenye kioo hakukuwa na kitu zaidi ya mwanamke anayezungumza.

Lakini tukio ninalolirudia ni la mlo. Rial amepika, amekaa sakafuni, anakula kwa mkono kama kwao. Bol, ambaye sasa anataka kuwa Mwingereza kwa nguvu zote, anamtaka apande mezani ashike uma. Anashika. Anatafuna polepole, anamwangalia mume, kisha anasema anachokisikia ni ladha ya chuma tu. Basi. Ndoa yote imo humo, na safari, na wale waliobaki baharini. Mwigizaji mwingine angetulilia.

Kuna na pale kliniki, anapomweleza daktari kuhusu chale zake. Makabila mawili yalikuwa yakiuana, naye akajitia alama za yote mawili ili aishi. Anaeleza bila kuomba huruma, kama mtu anayetaja anwani, na daktari ndiye anayekosa pa kuweka macho. Hapa mjini tuna majirani wengi kutoka Sudan Kusini, na baadhi ya wazee wao wana chale kwenye paji la uso. Nimewashonea suti miaka mingi. Baada ya filamu hii nilijikuta naziangalia kwa adabu nyingine. Siri ya yule msichana sikwambii, ila ujue kwamba kisu cha mwisho hakishikwi na Bol.

Sasa Loki, tamthilia ya Marvel. Msimu wa kwanza ulitoka 2021, wa pili 2023. Ni hadithi ya kubuni ya kisayansi yenye ofisi inayolinda mkondo wa wakati: ukitoka nje ya njia uliyopangiwa, askari wanakuja kukufuta. Mosaku ni askari mmoja wao, na hana hata jina, anaitwa B-15. Kofia ngumu, sare nyeusi iliyokatwa vizuri sana begani (siwezi kuacha kuangalia), fimbo inayofuta watu. Mwanzoni nilidhani wamemkodi asimame mlangoni tu.

Kisha adui wa ofisi ile anamwingia akilini ndani ya duka kubwa huko Alabama, mwaka 2050, kimbunga kikiwa nje, na kwa dakika chache B-15 anauona uhai aliokuwa nao kabla ya sare. Baadaye anamtafuta yule adui, wanasimama kwenye mvua ileile, anaomba aonyeshwe tena. Sisi hatuonyeshwi alichokiona. Tunaonyeshwa uso wake tu: maji yanatiririka, mdomo unataka kutabasamu na hauruhusiwi, halafu anasema alionekana mwenye furaha. Anajisema kama mtu mwingine kabisa. Ile tamthilia ina majengo ya ajabu na mitambo ya gharama, na kilichonishika mimi ni hicho.

Msimu wa pili umemwonea. Wanampa dawati, wanampa amri za kutoa, na anapita nyuma ya mazungumzo ya wanaume. Kuna dakika moja nzuri, mikondo ya wakati inapolipuliwa na mistari inazimika kwenye skrini. Wenzake wanaona mistari, yeye anaona watu wanakufa. Baadaye tunamkuta New York mwaka 2012, daktari wa watoto, maisha ambayo ofisi ilimnyang'anya, na nikasema haya, sasa twende. Dakika chache tu, tukaondoka. Ningeangalia vipindi sita vya huyo daktari kwa moyo mmoja.

Tamthilia ya Lovecraft Country ya HBO, 2020, siwezi kukusukumia. Imejaa mambo na mengine hayashikamani, na ilifungwa baada ya msimu mmoja. Ila kipindi cha tano ni chake Mosaku, akiwa Ruby. Ni Chicago ya miaka ya hamsini. Ruby, mwimbaji anayetamani kazi kwenye duka la Marshall Field's, anabadilishwa na dawa na kuamka akiwa mzungu. Saa zikiisha ngozi ile inapasuka na kumwagika, damu kila mahali, naye anatoka humo kama alivyokuwa. Tumbo jepesi, ruka.

Sinners ya Ryan Coogler, 2025, nilifunga safari hadi sinema ya Nairobi kuiona, na sijutii nauli. Ni Clarksdale, Mississippi, mwaka 1932. Michael B. Jordan anaigiza pacha wawili waliorudi kutoka Chicago kufungua ukumbi wa muziki, na usiku wa kwanza wanyonya damu wanafika mlangoni wakiomba wakaribishwe. Mosaku ni Annie, mke aliyeachwa nyuma na mmoja wa pacha hao, mganga wa mizizi, mama aliyezika mtoto mchanga.

Mumewe anapomtembelea anadharau mizizi yake: kama inafanya kazi, mbona haikumwokoa mtoto? Annie hapaazi sauti. Anamjibu kwamba yeye je, alidhani ni nini kilichomlinda huko vitani na Chicago miaka yote? Kijifuko cha dawa bado kimo shingoni mwa mume. Anakigusa tu. Mwanamume anaishiwa maneno, na mimi pia.

Na niseme hili kama fundi. Wateja wangu wanaingia kila siku wakiniomba niwafiche tumbo, niwapunguze nyonga. Mavazi ya filamu hii ni ya Ruth E. Carter, mwenye tuzo mbili za Oscar, na Annie hafichwi. Ni mwanamke mwenye mwili wake, na ndiye anayetamaniwa na mwanamume mzuri kuliko wote mle ndani. Ningependa kuwaonyesha wateja wangu tukio lile kabla sijatoa futi.

Hatari ikifika, Annie ndiye wa kwanza kuitambua, ndiye anayewalazimisha wote wale kitunguu saumu, ndiye anayemwapisha mumewe asimwache ageuzwe. Malalamiko yangu ni moja: filamu inamwondoa mapema, na baada yake zinabaki bunduki. Bunduki zinapigwa vizuri, sikatai, lakini mwenye akili ameshatoka.

Kwa hiyo: His House kwanza, peke yako. Loki unaweza kuishia msimu wa kwanza ukawa hujapungukiwa sana. Sinners ipate kwenye skrini kubwa ukiweza, kwa ajili ya muziki, na usikae karibu na mama mkwe, maana mambo ya chumbani yapo mengi na yako wazi.