Mitungi pacha ya chuma ya kupigia mbizi: lita 8.5 au 12 kila mmoja?

Tuseme unavuta hewa lita 20 kwa dakika ukiwa juu ya maji. Kwenye kina cha mita 40, ambako shinikizo ni mara tano, zinakuwa lita 100. Pacha ya 12 (mitungi miwili) ikijazwa baa 200 (kipimo cha shinikizo) ina lita 4,800. Kwa kanuni ya theluthi (moja kwenda, moja kurudi, moja akiba) unatumia 1,600 kwenda, yaani dakika 16. Ya 8.5 ina 3,400, na theluthi yake haifiki dakika 12. Kwa mbizi zenye vituo vya kupunguza naitrojeni mwilini wakati wa kupanda, chukua 12 bila kusita.

Tatizo la 12 ni uzito. Hewa peke yake ni karibu kilo 6, na kadiri inavyopungua unakuwa mwepesi. Pima risasi zako (vizito vya kukuzamisha) mitungi ikibaki na baa 50, ukitulia mita 3. Ukipima ikiwa imejaa, kituo cha mwisho kitakushinda, utaibuka. Mwenye umbo dogo, anayepanda ngazi ya boti na mzigo wote mgongoni, 8.5 humfaa kwa mbizi fupi.