Kasri la Wanormani, Palermo: nenda ukaitazame dari

Nililitembelea Kasri la Wanormani (watawala wenye asili ya kaskazini mwa Ufaransa) mjini Palermo, kisiwani Sicily, Italia, kwa asubuhi mbili mfululizo, kwa sababu asubuhi ya kwanza muongoza watalii niliyemkodi alitupitisha kanisani kwa dakika zisizofika kumi, nikatoka bila kuona nilichokifuata. Siku ya pili nililipa kiingilio upya, nikaingia peke yangu na kuketi.

Kanisa hilo dogo la ndani ya kasri, Cappella Palatina, lilijengwa kwa amri ya Mfalme Roger II, aliyetawazwa mwaka 1130, na likawekwa wakfu mwaka 1140. Wageni wengi huvutwa na mozaiki zake za dhahabu, yaani picha za vijiwe vya rangi, nami sizidharau. Lakini kilichonishika ni dari ya mbao iliyo juu ya ukumbi wa kati. Mafundi waliunganisha vipande vyembamba vya mbao hata vikawa nyota na vidaka vinavyoning'inia kama masega ya nyuki, wakavipaka rangi, kisha wakaandika kwa hati ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu wenye herufi za pembe, maneno ya Kiarabu ya baraka na heri. Aliyezoea zidaka za nyumba kongwe za Lamu atafurahi kuona umbo analolijua likiwa limegeuzwa na kutundikwa juu. Humo wamechorwa wapiga ala, wanyama, na watu wawili wanaocheza sataranji. Chukua darubini, maana michoro ni midogo na dari iko juu mno. Baba wa mfalme huyo pamoja na baba yake mkubwa ndio walioiteka Palermo kutoka kwa Waislamu mwaka 1072, na bado mwana akachagua kusali chini ya dari ya mtindo wa Kiislamu.

Usilipite jiwe la mwaka 1142 lililo karibu na mlango, kumbukumbu ya saa ya maji, lenye maandishi ya Kilatini, Kigiriki na Kiarabu. Katika baraza la Roger huyo huyo alifanya kazi mwanajiografia al-Idrisi, ambaye kitabu chake cha mwaka 1154 kinazitaja Malindi na Mombasa.

Bunge la Sicily hukutana ndani ya kasri hili tangu mwaka 1947, na siku za vikao vyumba vya kifalme hufungwa, ukiwemo Ukumbi wa Roger wenye mozaiki za chui na tausi. Kwa hiyo uliza kabla ya kukata tiketi, na ufike mapema, makundi yakiwa hayajaingia.