Vifuatilia bei vya bure: kipi kinamfaa mnunuzi wa Lubumbashi?

Mtoto wa dada yangu alipoingia mwaka wa kwanza UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alihitaji kompyuta. Usiku mmoja akanitumia picha kutoka duka moja la mtandaoni la Ulaya: "Mjomba, angalia, wamekata bei!" Yuro 599 ilikuwa imepigwa mstari, na chini yake, kwa rangi nyekundu, 429. Kaka yetu aliyeko Lille, Ufaransa, alikuwa ameshashika kadi mkononi. Nikamwomba angoje kwanza.

Niliandika jina kamili la ile kompyuta kwenye tovuti ya kulinganisha bei, nikafungua grafu. Miezi mitatu nyuma ilikuwa ikiuzwa yuro 419 bila kelele yoyote. Ile 599 haikuonekana mahali popote kwenye mstari, kwa sababu ilikuwa bei inayopendekezwa na kiwanda, ambayo hakuna duka lililowahi kuitoza. Tukangoja wiki tano, tukaipata kwa 379. Yuro 50 zilizobaki zilisaidia kulipa usafiri mpaka Lubumbashi.

Tangu siku hiyo watu wa nyumbani hunitumia viungo kabla ya kuagiza, na ndiyo maana naandika mwongozo huu wa vifaa vya bure vinavyoonyesha bei ilivyopanda na kushuka. Nimevipanga vifaa hivi kwa macho ya mtu wa hapa: anayetumia simu, anayehesabu mega zake, na ambaye mzigo wake unapitia kwa ndugu aliyeko Ulaya au kwa ajansi ya usafirishaji. Mtu anayekaa Paris angevipanga vingine.

1. CamelCamelCamel

Hiki nakiweka juu kwa wote wanaonunuliwa vitu Amazon. Kipo tangu 2008, ni bure kabisa, na kina ukurasa wa Kifaransa kwa ajili ya Amazon ya Ufaransa. Unanakili kiungo cha bidhaa, unakibandika kwenye kisanduku cha kutafutia, na grafu inatokea. Huhitaji kupakua programu. Grafu yenyewe ni picha ya kawaida, kwa hiyo hata siku mtandao unapokokota miguu inafunguka.

Jifunze kuisoma vizuri, maana hapo ndipo wengi hupotea. Kuna mistari mitatu. Wa kijani ni bei ya Amazon yenyewe. Wa bluu ni wauzaji wengine wanaouza kitu kipya ndani ya Amazon. Mwekundu ni vitu vilivyokwisha kutumika. Mtu akikuambia "kiliwahi kushuka mpaka 60", muulize ni mstari upi. Mara nyingi utakuta ni ule mwekundu, yaani kitu kilichofunguliwa kikarudishwa.

Halafu weka arifa. Unaandika bei unayoitaka na barua pepe yako, nao wanakuandikia siku bei ikifika hapo. Usiandike bei ya chini kabisa uliyoiona kwenye grafu. Huenda ilidumu saa mbili tu, au ilikuwa kosa la muuzaji. Tazama miezi sita iliyopita: kama bei ilishuka mara moja hadi 79 lakini mara tatu ilitua 85, andika 86. Mwenye kusubiri 79 anaweza kukesha mwaka mzima.

Kwa nini ni bure? Kwa sababu ukibofya kiungo chao ukanunua, Amazon inawalipa kamisheni. Wewe huongezewi kitu. Kasoro yake ni kwamba hakijui duka lingine lolote nje ya Amazon.

2. Idealo na Ledenicheur

Kwa familia zenye ndugu Ufaransa, hizi mbili zinaikaribia sana ile ya kwanza, na kwa vyombo vya umeme naanza nazo. Idealo ilianzia Berlin mwaka 2000 na ina tovuti ya Kifaransa. Ledenicheur ni ndugu wa Prisjakt ya Uswidi. Zote zinalinganisha maduka mengi kwa pamoja, zinaonyesha bei ilivyopanda na kushuka, na zinakubali kukutumia arifa bure. Kifaransa chetu cha shule kinatosha kuzitumia.

Jambo la kuangalia ni gharama ya kutuma mpaka kwa ndugu yako. Duka linaloonekana la kwanza kwa bei linaweza kuwa la nne ukijumlisha utumaji. Angalia pia jina la muuzaji. Mimi sinunui kwa muuzaji asiye na anwani wala maoni ya wateja, hata akiwa chini kwa yuro 30, kwa sababu kitu kikiharibika baada ya kufika hapa, kukirudisha Ulaya ni gharama juu ya gharama.

Iko pia sheria moja inayotusaidia. Tangu tarehe 28 Mei 2022, katika nchi za Umoja wa Ulaya, duka linalotangaza kwamba limepunguza bei linatakiwa lionyeshe bei ya chini kabisa ya siku 30 zilizotangulia. Tafuta hayo maandishi madogo chini ya bei. Ukiona "prix conseillé", yaani bei inayopendekezwa, hiyo siyo bei ya zamani ya duka. Ndiyo iliyotaka kutuingiza kwenye mtego wa 599.

3. Keepa

Najua kwamba wengi watanilaumu kwa kuiweka ya tatu, maana Keepa inajua mambo mengi kuliko Camel. Grafu yake inaingia ndani ya ukurasa wa Amazon wenyewe, chini ya picha ya bidhaa, na unaweza kuvuta siku, wiki au mwaka. Inatuma arifa hata kwa Telegram, jambo ambalo kwetu ni zuri kuliko barua pepe ambayo watu hufungua mara moja kwa wiki.

Shida ni mbili. Kwanza imetengenezwa hasa kwa kompyuta. Ni kiendelezi, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari, na Chrome ya simu za Android haipokei viendelezi. Itabidi utumie kivinjari kingine kama Firefox, ambayo inavipokea. Pili, sehemu ya takwimu zake imefungwa kwa wanaolipa kila mwezi. Historia ya bei ya bure inatosha kabisa kwa mnunuzi wa nyumbani, kwa hiyo usilipe. Malipo yale ni ya wanaofanya biashara ndani ya Amazon. Kama una kompyuta na intaneti ya kazini, ipandishe mpaka nafasi ya kwanza.

4. AliPrice, kwa wanaoagiza AliExpress

Inaonyesha historia ya bei za AliExpress, lakini naiamini nusu nusu. Bei ya AliExpress hubadilika kufuatana na nchi uliyochagua, na mteja mpya hupewa bei ya kumkaribisha ambayo wewe wa zamani huioni. Grafu haiwezi kujua yote hayo. Ninachofanya ni kuweka kitu kwenye kikapu wiki tatu kabla ya tarehe 11 Novemba, siku yao kubwa ya mauzo, na kupiga picha ya skrini. Wauzaji wengine hupandisha bei mwishoni mwa Oktoba ili "waipunguze" siku yenyewe. Picha yako ndiyo shahidi.

Vya kukaa mbali navyo

Viendelezi vya kuponi, vinavyojaribu namba za punguzo unapolipa, sivipendekezi. Vingi vinaomba ruhusa ya kusoma kila ukurasa unaoufungua, pamoja na ule wa kadi. Honey, ambayo PayPal ilitangaza mwaka 2019 kuinunua kwa dola bilioni 4 hivi, ilishutumiwa mwishoni mwa 2024 kwamba inajitwalia kamisheni za watu waliomleta mteja, na kesi zikafunguliwa Marekani. Na mara nyingi mwenye kulipa kwa ajili yetu ni kaka au dada. Siwezi kumwomba afungue kadi yake mbele ya programu ambayo mimi mwenyewe siiamini.

Daftari

Halimo kwenye orodha kwa sababu si kifaa cha mtandaoni, ila ndilo ninalolifungua kila siku. Hapa mjini bidhaa nyingi zinauzwa kwa hali za WhatsApp, na hali ya WhatsApp inafutika baada ya saa 24. Hakuna roboti inayoweza kufuatilia bei ya mama anayeleta viatu kutoka Dubai, wala ya kijana wa Kamalondo anayeuza simu. Piga picha, andika tarehe, bei kwa dola, na dola ilikuwa franga ngapi siku hiyo. Baada ya miezi miwili utajua nani anapandisha kwa sababu franga imeyumba na nani anapandisha tu. Ukienda soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, na hizo namba, mazungumzo ya bei yanakuwa mengine, na matabishi (nyongeza ya bure) unapata.

Bei ya kweli ni ile ya kufika

Hapa naomba usome polepole, maana nimeona watu wakifurahia punguzo la dola 15 halafu wanalia kwenye ajansi. Ajansi za ndege hazipimi uzito peke yake. Nyingi hupima pia ujazo: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, ugawanye kwa 5,000 (wengine hutumia 6,000), na unalipa ile namba iliyo kubwa zaidi.

Chukua feni. Kwenye mizani ina kilo 6, lakini katoni yake ni sentimita 60 kwa 40 kwa 40. Zidisha: 96,000. Gawanya kwa 5,000: kilo 19.2. Tuseme ajansi yako inatoza dola 10 kwa kilo. Ulidhani utalipa 60, kumbe ni 192. Kompyuta ya mtoto wa dada yangu katoni yake ilikuwa 45 kwa 32 kwa 10, yaani kilo 2.88, karibu sawa na uzito wake halisi. Ndiyo maana vitu vidogo vyenye thamani vinafaa kuagizwa kwa ndege, na vitu vyepesi vinavyojaza katoni ni bora visafiri kwa meli mpaka Dar es Salaam, kisha kwa lori kupitia mpaka wa Kasumbalesa, au vinunuliwe hapa hapa.

Ongeza duani, yaani forodha. Hapa Kongo TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ni asilimia 16, na inahesabiwa juu ya bei ya kitu, usafiri na ushuru vikiwa pamoja. Ajansi nyingine hukupa bei moja yenye kila kitu ndani, nyingine hukuachia duani ujue mwenyewe. Uliza kabla, na uombe jibu kwa maandishi. Uliza pia kuhusu betri: simu, kompyuta na betri za akiba zina betri za lithiamu, na wengi huzitoza bei ya pekee au huzikataa kabisa.

Kwa hiyo bei unayoiandika kwenye arifa ianze nyuma. Kama kitu hicho hicho kinauzwa mjini dola 250 na usafiri na duani ni 70, arifa yako isizidi 180, vinginevyo hakuna faida ya kukiagiza. Mimi hutoa tena 20 kwa ajili ya hatari ya kukosa garanti.

Panga na ndugu yako mapema. Arifa ikiingia saa nne usiku, punguzo linaweza kuisha kabla hajaamka kwenda kazini. Sisi tuna kikundi cha WhatsApp cha watu watatu. Mimi natuma kiungo na bei ya mwisho tuliyokubaliana, kaka wa Lille ananunua bila kuuliza ikiwa chini ya hapo, na pesa yake anaikuta tayari kwa dada, kwenye Airtel Money. Sasa hivi tuna arifa mbili zilizo wazi, moja ya taa za sola na moja ya cherehani. Ya cherehani imebakiza yuro 11.