Saa za jua: Jaipur au London?

Jamani watu wa Tanga mnaopeleka wagonjwa India, mkipata siku moja ya kupumzika mfike Jaipur, pale Jantar Mantar, uwanja wa kale wa vyombo vya kutazamia nyota, kuna saa ya jua, yaani inayoonyesha saa kwa kivuli, ya mawe, ya mfalme wao Maharaja Jai Singh, ya miaka ya 1730, urefu wake mita 27, yaani ni jengo kabisa lina ngazi, na kivuli unakiona kwa macho kinatembea karibu milimita moja kila sekunde, wewe weka tu kidole ukingoni uone kinavyokufunika. Ila Julai na Agosti ni mvua, usiende.

London zipo nyingi na zinafikika kirahisi kwa treni. Greenwich kuna ya pomboo wawili wa shaba, saa unaisoma kwenye upenyo kati ya vivuli vya mikia, nzuri sana ile. Seven Dials nayo ni nguzo yenye nyuso sita za saa za jua, nguzo yenyewe ndo ya saba kwa kivuli chake. Shida mawingu, unaweza kusimama pale saa nzima hakuna kivuli. Halafu angalia kile kijiti cha saa zao kinachotupa kivuli kilivyosimama, nyuzi 51 hivi, maana kinafuata umbali wa mji kutoka ikweta, kwetu Tanga kingelala nyuzi 5 tu!

Mimi kama nauli ni moja, naenda Jaipur.