Kuingia si kufaa: plagi nilizopitia kuchajia baiskeli yangu ya umeme

Baiskeli niliinunua mkononi kwa jamaa aliyekuwa anahama Kigamboni. Betri yake ni ya volti 36, ampea-saa 10, na ilikuja na chaja ya ampea 2. Nachomeka usiku, baada ya saa tano hivi imejaa, asubuhi navuka na pantoni na kuendesha hadi Upanga kazini. Miezi saba sikuwahi kuitazama plagi. Nani anatazama plagi?

Chaja ikafa usiku mmoja umeme ulipokatika na kurudi mara tatu. Nikaenda Kariakoo na betri begani. Muuzaji akachungulia tundu la betri, akasema, "Hii ya kawaida tu, bosi," akanipa chaja yenye plagi ya duara nyembamba, ile inayofanana na ya laptopu. Ikaingia. Nikalipa.

Nyumbani taa ikawaka kijani, yaani betri imejaa, na mimi nimetoka kuisukuma baiskeli kwa miguu! Nikaitikisa plagi, taa ikawa nyekundu. Nikaiachia, kijani tena. Basi nikaikaza kwa kibanio cha nywele cha binti yangu, nikaenda kulala nikijiona mjanja. Saa nane usiku niliamshwa na harufu ya plastiki. Plagi haishikiki kwa moto, na tundu la betri limelegea upande mmoja kama mshumaa.

Kumbe plagi hizo, ingawa kwa nje zote zina milimita 5.5, katikati ziko za aina mbili: za pini ya milimita 2.1 na za pini ya 2.5. Plagi ya 2.5 inaingia kwenye pini ya 2.1 bila ubishi, ila inacheza. Umeme unapita kwenye mguso mdogo, na pale pale panachemka. Ukikosea kinyume chake una bahati, maana plagi ya 2.1 haiingii kabisa kwenye pini ya 2.5 na unagundua ukiwa bado dukani. Sizilaumu plagi hizi: kwa ampea 2, saizi ikiwa sahihi, zinafanya kazi vizuri. Kwa chaja ya ampea 5 nisingethubutu.

Tundu likawa la kubadilishwa tu. Fundi wa mtaani kwetu alikuwa na ya aina tatu kwenye kopo. Ya kwanza ilikuwa ile ya nyaya za deki, nyekundu na nyeupe. Nikaikataa kwa sababu aliyokuwa nayo ilikuwa dume, pini yake imechomoza nje, na ikiguswa na funguo mfukoni ni cheche. Kwa ujumla upande wa betri uwe jike siku zote, kwa sababu betri haina kuzimwa.

Ya pili ni ile ya njano inayopendwa na watu wa droni, XT60. Ina umbo la kukatwa pembe upande mmoja, kwa hiyo huwezi kuigeuza hata ukiwa gizani, na inabeba umeme mwingi kuliko chaja yoyote ya baiskeli. Lakini inabana! Kuichomoa kila asubuhi ni mieleka, na ukizoea kuvuta waya badala ya plagi, risasi iliyounganishia waya inaachia. Nimeiweka kati ya betri na mota, ambako haichomolewi mara kwa mara, na huko sina malalamiko.

Nikachagua ya tatu, XLR yenye pini tatu. Ukiwahi kushika waya wa maikrofoni wa kwaya unaijua: inaingia kwa mwelekeo mmoja, inajifunga kwa mlio wa "tak", unaichomoa kwa kubonyeza. Tundu na plagi shilingi 14,000, ufundi 10,000. Mwaka na nusu sasa, haijawahi kuchemka hata kidogo.

Tatizo lake ni moja, na si dogo. Hakuna sheria kwamba chanya ikae pini ipi. Kwenye maikrofoni pini ya 1 ni ya ardhi. Kwenye chaja yangu pini hiyo hiyo ndiyo chanya, na ya rafiki yangu niliyotaka kuazima ilikuwa imegeuzwa, chanya iko pini ya 2. Kwa macho ni mapacha. Iliyotuokoa ni mita ya fundi ya kupimia volti. Ndiyo maana sasa sinunui chaja bila kuipima: ya betri ya volti 36 za lithiamu kama yangu inatakiwa isome karibu 42, na ya volti 48 inasoma 54.6, huku plagi zikiwa zile zile. Chaja nyingine hazitoi kitu mpaka zihisi betri, hapo mwombe muuzaji aichomeke kwenye betri yake kwanza. Akinuna, maduka ni mengi.

Kama unafanyiwa kazi hii ya kubadilisha tundu, simama hapo hapo. Fundi wangu, mtu mzuri, alishika koleo akataka kukata nyaya zote mbili kwa mkupuo. Nilipiga kelele mpaka mama ntilie wa jirani akageuka. Koleo ni chuma, na chanya na hasi zikikutana humo ni mlipuko mdogo mkononi. Kata mmoja, uzungushie utepe, ndipo ukate wa pili.

Wenye pikipiki na bajaji za umeme za betri za asidi nawahurumia zaidi. Nyingi zina tundu linalofanana kabisa na la nyuma ya kompyuta ya mezani. Mtoto akichukua waya wa kompyuta akaunganisha betri moja kwa moja na ukuta, ni volti 230 ndani ya betri. Waya huo usikae chumba kimoja na chombo hicho.

Kwangu adui aliyebaki ni upepo wa bahari. Pini zilianza kuota ukijani baada ya masika ya kwanza, nikazisugua kwa kifutio cha penseli. Kifuniko cha mpira kilichokuja na tundu kilidondoka majini pantonini, nikakata kipande cha tyubu ya zamani kikawa kifuniko. Kinabana kuliko kile cha dukani.